Simu ya Mama Iliyonifungukia kwa Uso wa Mwenzangu

Mimi na pacha wangu tulizaliwa asubuhi moja, yeye mbele, mimi nyuma, na tangu siku hiyo sijawahi kumtangulia kwa jambo lolote. Aliota meno kabla yangu, akahitimu Kurani kabla yangu, akaposwa kabla yangu. Mumewe ana malori ya kubeba mizigo kutoka Kampala hadi mpakani, na wamejenga Kasese, upande wa Bulembia, mahali ambapo hewa ya mlima inashuka jioni na bomba halikauki. Mimi niliolewa hapa hapa Bwera, nikafiwa na mume watoto wakiwa bado shuleni, nikarudi kukaa na mama. Nauza unga wa muhogo sokoni Mpondwe, karibu na forodha, na vumbi la malori yanayosubiri kuvuka huwa nalila pamoja na chakula changu cha mchana.

Sura yetu ni moja. Paji la uso pana la baba, macho yaliyoachana, mwanya katikati ya meno ya juu. Tulipokuwa wadogo shangazi alikuwa akimchapa mmoja kwa kosa la mwingine, halafu akishajua amekosea anamchapa na wa pili ili mambo yawe sawa. Mama peke yake hakuwahi kutuchanganya. Alisema anatujua kwa jinsi tunavyomtazama: mwenzangu anamtazama mtu kama anayetaka kucheka, mimi kama anayetaka kuuliza swali.

Kisha mtoto wa jicho akaingia macho yote mawili ya mama, polepole, kama ukungu unavyoingia bondeni, na mama akaacha kutujua kwa macho. Alikuwa akingoja tuseme.

Kumtunza mama ilikuwa kazi yangu. Nilimwamsha, nikampeleka msalani, nikamwogesha, nikampikia uji, nikamwekea maji ya udhu, kisha nikakimbilia sokoni na kurudi adhuhuri kumtazama. Sikulalamika. Lakini jina lililokuwa mdomoni mwake kutwa nzima halikuwa langu. Mgeni akiingia, mama alimweleza habari za yule wa Kasese: ameleta sukari, ameleta shuka, ameahidi kuja mwezi huu. Mgeni alikaa kwenye mkeka niliofagia, akanywa chai niliyopika, na wote wawili wakamsifu mtu ambaye hayupo. Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto, na moshi ulinisaidia, kwa sababu mtu aliye kwenye moshi haulizwi kwa nini macho yake ni mekundu.

Siku moja mwenzangu alikuja na simu mpya kwa ajili ya mama. Ilikuwa simu pana, ya kugusa, yenye kioo kinachong'aa. Alisema amechoka kumsikia mama kwa sauti tu. Anataka kumwona kila siku. Mama akaipapasa simu ile mbele na nyuma, akainusa, akaiweka kifuani.

Mwenzangu alitaka ifunguke kwa kidole cha mama. Akamshika dole gumba, akaligandamiza pembeni mwa simu. Simu ikakataa. Akalifuta dole kwa mtandio wake, akaligandamiza tena, ikakataa. Akajaribu kidole cha shahada, akahamia mkono wa kushoto. Hakuna kidole hata kimoja kilichosomeka. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki wa chumvi. Kwa miaka mingi alishuka Kasenyi, kando ya Ziwa George, akanunua samaki kwenye mitumbwi, akawapasua, akawatia chumvi na kuwaleta Mpondwe kuwauzia Wakongo. Chumvi na miba ya samaki vilikuwa vimemlamba vidole hadi vikawa laini kama kokoto za mtoni.

"Basi tutumie uso," alisema mwenzangu.

Uso nao ulikataa. Mwanga ulimuumiza mama macho, akayafumba, na simu ilitaka macho yaliyo wazi. Alipoambiwa atazame kioo, aligeukia mlangoni, kwa sababu huko ndiko alikoona weupe. Mwenzangu alikuwa na haraka. Lori la mumewe lilikuwa linamsubiri barabarani, dereva anapiga honi. Akaweka kidole chake mwenyewe, kisha uso wake mwenyewe, akachagua nambari ya siri ambayo hakumwambia mtu, akasema yeye ndiye atakayekuwa anapiga na sisi tutapokea tu. Yote hayo, ambayo mama alinisimulia baadaye, yalifanyika nikiwa jikoni namkaangia yeye samaki. Nilipotoka na sinia, alikuwa amekwisha simama. Alikula vipande viwili akiwa wima, akambusu mama, akaenda.

Nilijua alichofanya siku ya pili yake. Mama aliniomba nimtafutie simu, ilikuwa imeteleza nyuma ya kitanda. Nikainama, nikaiokota, nikaigeuza ili nione kama kioo kimepasuka. Ikafunguka. Sikubonyeza kitu. Picha ya maua ilisogea juu, na chumba chote cha ndani ya simu kikawa wazi mbele yangu.

"Imefunguka," nilimwambia mama.

Mama alifikiri kidogo, kisha akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. "Imefikiri wewe ni mwenzako," alisema.

Alifurahi sana kwa jambo hilo. Mimi nilibaki nimeishika simu ile kama mtu aliyepewa salamu za mtu mwingine njiani. Katika nyumba ninayoifagia mimi, juu ya kitanda ninachokitandika mimi, kulikuwa na kitu kilichonipokea kwa sababu tu kilidhani mimi ni yeye.

Jioni mwenzangu alipopiga, mama alimsimulia. Naye akacheka. Nikaichukua simu nikamwambia kwamba siku atakapokuja tena aniwekee na mimi kidole changu, ili nami niwe nafungua kwa haki.

"Hakuna haja," alijibu. "Si inakufungukia? Wewe na mimi ni kitu kimoja."

Maneno hayo watu huyaona matamu. Labda ni matamu ukiwa wewe ndiye kitu chenyewe. Ukiwa upande wa pili, ukiwa wewe ndiye unayefanana na mwingine, yana ladha ya mwarobaini.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, na kila nilipoifungua simu lilinichoma upya. Mwishowe nikaibeba kwenye mfuko wa unga hadi Mpondwe, kwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na wakala wa forodha. Ni Mkongo, mtu mpole, anaongea huku jicho moja likiwa limebana kioo cha kukuzia. Nilimwomba aniingizie kidole changu. Akajaribu, simu ikamwomba nambari ya siri.

"Namba iko wapi, mama?"

Nikamwambia sina.

"Lakini simu inakufungukia."

Nikamweleza habari ya pacha. Akaondoa kioo kwenye jicho, akanitazama vizuri, pengine akitafuta mwenzangu ndani yangu. Akasema simu nyingi za kawaida zinatazama uso kama mutu wa njiani anavyotazama: zinaona macho, pua, mudomo, zinasema ni yeye. "Ata mapasa, sura inaweza fanana," alisema, akimaanisha mapacha. "Lakini kidole hapana. Kidole ya kila mutu iko yake. Omba dada yako namba."

Niliondoka pale bila kidole changu kuingia, lakini nikiwa na maneno yale. Nilirudi kwenye unga wangu, nikawa natazama ncha za vidole vyangu, zile duara ndogo ndogo zilizojaa weupe wa muhogo. Za kwake zikoje? Kwa umri wetu wote sikuwahi kujiuliza. Sikumwomba nambari. Kuomba mara ya pili kile ulichonyimwa kwa kicheko kunataka moyo ambao mimi sina.

Ikawa desturi. Asubuhi nikishamvisha mama, ananiambia nimfungulie simu amtumie mwenzangu ujumbe wa sauti. Naiinua mbele ya uso wangu, inafunguka, nambonyezea mahali pa kuongelea. Halafu mama ananyoosha mkono kuelekea mlango.

"Toka nje kidogo, niongee na mtoto wangu."

Nilikuwa natoka. Nilisimama uani karibu na pipa la maji, nikisikia sauti yake ikipanda na kushuka bila kuyapata maneno. Niliwaza: mimi ninayesimama huku ni mtoto wa nani? Na sauti ile haikuwa ile aliyozoea kuniitia mimi. Mimi aliniita kwa sauti ya mtu anayetaka maji. Kwake alitumia sauti ya mtu anayetaka mazungumzo.

Mchana mmoja mvua ilinyesha, soko likavunjika mapema, nikarudi nyumbani nimelowa. Mama alikuwa amelala, simu iko ubavuni mwake. Niliichukua. Sikujidanganya kwamba natafuta saa. Niliiinua mbele ya uso wangu, na ilipofunguka nilisogea barazani, nikaiweka sikioni na kuanza kuzisikiliza sauti za mama moja baada ya nyingine, mvua ikipiga mabati.

Mengi yalikuwa mambo madogo. Goti linauma. Ameota ndoto ya ziwa. Jirani amezaa mtoto wa kike. Kisha nikasikia habari zangu mimi. Mama alisema natoka nyumbani mapema mno, nakohoa, sili vizuri. Moyo wangu ulianza kulegea. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayechelea kusikiwa: "Na kuoga, mwanangu, ananiosha kama mutu anaosha sufuria. Anasugua. Mimi nanyamaza tu."

Jibu la mwenzangu lilikuwa chini yake. "Vumilia mama. Ndivyo alivyo. Nitakuja kukuchukua, lakini usimwambie bado."

Niliirudia sauti hiyo. Niliirudia tena. Kama sufuria. Nilijitazama mikono. Ni kweli kwamba naosha haraka. Unga haungoji, na wateja wa Kongo wanavuka asubuhi. Lakini nani mwingine aliyekuwa anaosha? Nilitamani kumwamsha mama nimuulize hapo hapo. Sikufanya hivyo. Nilipiga simu kwa mwenzangu, simu ya video, kwa simu ile ile ya mama.

Alipokea haraka, uso wake umejaa tabasamu ambalo lilikuwa limeandaliwa kwa mtu mwingine. Aliponiona tabasamu likashuka. Tukatazamana, sura ile ile juu na chini ya kioo, yake kubwa, yangu ndogo pembeni.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala. Nimesikia unataka kumchukua."

Nyuma yake niliona pazia jeupe na ukuta wa rangi ya maziwa. Akasema hataki kumchukua moja kwa moja. Kuna hospitali inayofanya upasuaji wa macho, mumewe ameongea nao, na alitaka kuwa na uhakika kwanza kabla ya kutusumbua.

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Ningekuambia ungekataa."

Ni kweli, ningekataa. Ningesema mama mzee, kisu machoni hapana, hapa Bwera anajua kila jiwe la uani. Na chini ya maneno hayo yote ningekuwa nasema jambo moja tu: usimchukue. Kwa kuwa alikuwa amenijua hivyo, nilikasirika zaidi.

"Wewe unamwona kila siku," aliongeza. "Mimi naona paji la uso na dari. Simu anaishika kama sahani."

Pengine alitaka nimwonee huruma. Sikuweza. Mtu mwenye pazia jeupe na bomba la maji alikuwa ananiambia kwamba hata kile kidogo nilichokuwa nacho mimi, yaani mama asubuhi na mama jioni, anakitamani pia. Nilimwambia kama mama anaenda Kasese, nami naenda, na kama hakuna kitanda nitalala chini. Akasema kitanda kipo.

Kilikuwepo kweli. Kilikuwa na godoro nene na shuka ambalo bado lilikuwa na mistari ya kukunjwa dukani. Tulifika siku ya Ijumaa baada ya swala, na nyumba ile niliyokuwa nikiiona vipande vipande kwenye kioo sasa ilikuwa imenizunguka yote. Vigae baridi chini ya miguu. Mto ukivuma nyuma ya ukuta. Taulo tatu za rangi moja zimepangwa kwa ajili ya mama, na sabuni ya maji inayonukia limau. Nilihesabu kila kitu kwa macho na kila kitu nilikipeleka moyoni kama mtu anayepakia kuni.

Mwenzangu alisema siku hizo atamwogesha yeye. Nikasema sawa. Nikaketi ukumbini karibu na mlango wa bafu, eti napanga nguo. Nilimsikia akipima maji, akimuuliza mama kama ni ya moto mno, akimwimbia kaswida tuliyofundishwa madrasa. Hakusugua. Nilisikia maji yakimwagika polepole, kikombe kwa kikombe. Kisha mama akasema, "Ahsante mwanangu. Uko na mkono laini."

Kumwogesha mama kulimchukua muda ambao mimi ningekuwa nimeshafua, nimepika na kufika forodhani. Bila shaka mkono ni laini, nilisema moyoni. Mkono usio na haraka huwa laini. Sikula vizuri mchana ule. Nilisema nyama ni ngumu, na haikuwa ngumu.

Upasuaji ulifanyika kwenye jicho la kulia kwanza. Tulikaa nje kwenye benchi, mimi na yeye, hatuongei sana. Nilikuwa nimevaa mtandio mweusi alionipa asubuhi ile, sawa na wake, kwa kuwa wangu ulikuwa umeingia matope njiani, na wauguzi waliopita walikuwa wakitutazama na kutabasamu. Mama alitoka akiwa na pamba na plasta juu ya jicho, akaambiwa arudi kesho yake lifunguliwe.

Kesho yake nilijiandaa kama mtu anayeenda kwenye mtihani. Nataka kusema wazi nilichokuwa nikifikiri, kwa kuwa si jambo la kujivunia lakini ndilo lililokuwepo. Sikuwa nawaza kama mama ataona. Nilikuwa nawaza ataanza kumwona nani. Nilisimama upande wa kulia makusudi, upande wa jicho lile.

Muuguzi alibandua plasta taratibu, akalifuta jicho kwa pamba yenye maji, akamwambia mama alifumbue bila pupa. Mama akafumbua. Chozi likatoka. Akaufuata mwanga wa dirisha, akautazama mkono wake mwenyewe mbele na nyuma, kisha akainua uso kwetu.

"Unaona nini, mama?" muuguzi aliuliza.

"Naona watoto yangu."

Alitutazama muda mrefu, akienda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine. Kisha akanitabasamia mimi, tabasamu pana ambalo nimelitafuta tangu nilipokuwa na akili, na akaniita kwa jina la mwenzangu.

"Kasese imekufaa," aliniambia. "Umenenepa, uso unang'aa."

Kabla sijafungua mdomo, alikuwa amemgeukia mwenzangu na kumshika mkono. Sauti yake ilibadilika. "Na wewe, mwanangu, pole. Tazama ulivyochoka. Ni mimi nimekuchosha. Unaniosha, unanibeba, na mimi kila siku nalalamika kwa mwenzako. Unisamehe."

Nilihisi kama nimepigwa kofi na kubembelezwa kwa wakati mmoja. Maneno yale yalikuwa yangu. Miaka mingi niliyangoja, jikoni, uani, sokoni, na sasa yalikuwa yametoka, mazima, hayana upungufu, na yameingia mkononi mwa mtu mwingine mbele ya macho yangu.

Mwenzangu hakusahihisha. Alimwambia mama tu kwamba hajamchosha.

Mimi sikuweza kuvumilia. "Mama," nilisema, "huyo siye. Mimi ndiye ninayekuosha."

Mama akanitazama, akamtazama yeye, akanivuta mkono na kunipapasa kiganja. "Ee, kumbe!" alisema, akaanza kucheka, na muuguzi akacheka pia, na mwenzangu. Walicheka mpaka mama akaonywa asilitikise jicho. Ilikuwa furaha, na nilikuwa ndani yake. Lakini yale maneno hakuyarudia. Nilingoja. Alikuwa ameshageukia dirisha, anauliza kile kinachoonekana kule ni mlima au ni wingu.

Tulipokuwa tunangoja dawa, mwenzangu alikuja kukaa karibu nami.

"Yale maneno yalikuwa yako," alisema. "Sikujua niyafanye nini."

Nilimgeukia nimjibu kwa ukali, na hapo ndipo nilipomtazama. Nilikuwa siku kadhaa nyumbani kwake nikitazama taulo na vigae. Uso wake sikuwa nimeutazama. Mama, kwa jicho moja lililotoka kisuni jana, alikuwa ameona kile nisichokiona mimi: huyu ndiye aliyechoka. Mashavu yalikuwa yamebonyea, chini ya macho kuna weusi. Nilimuuliza ana nini. Akasema ni presha, amekuwa akiugua tangu mwaka uliopita, ameshaanguka jikoni akiwa peke yake, na mumewe huwa barabarani. Kwa mama hakusema. Kila alipopiga simu alikuwa akikaa dirishani, penye mwanga mzuri, na kujipaka mafuta usoni.

Nilimshika mkono, nikampa pole, na nilimaanisha. Lakini moyo ni mnyama wa ajabu. Hata wakati nampa pole, kuna kona ndani yangu iliyowaza: mama akijua, atamlilia yeye kutwa nzima. Hata ugonjwa wake niliuonea wivu, dakika chache. Kisha aibu ikanishika nikaenda kumchukulia dawa zake pamoja na za mama.

Jicho la pili lilifanyiwa baadaye, nalo likapona vizuri. Mwenzangu alimwomba mama abaki Kasese. Mimi sikusema neno, nilikuwa nakunja nguo na masikio yangu yamesimama kama ya sungura. Mama alishukuru kwa kila kitu, godoro, sabuni na mkono laini, akasema anarudi Bwera kwa sababu huku hakuna anayemjua na mto unapiga kelele. Hakusema anarudi kwa ajili yangu. Nilijitahidi kutoligundua hilo, nikaligundua.

Siku ya kuondoka mwenzangu alikumbuka simu. Akasema sasa macho ya mama yako wazi, tujaribu tena uso wake. Mama akaishika simu mbele yake, akaikodolea macho kama anayemkodolea mwizi, na duara likazunguka hadi mwisho likakubali. Mwenzangu akafuta uso wake mwenyewe na kidole chake. Kisha akaniambia, bila mimi kuomba, nilete mkono.

"Tukuweke kidole chako. Nilikosea siku ile."

Nililisogeza dole gumba. Lakini mama aliifunika simu kwa kiganja.

"Hapana," alisema. "Iwe ya kwangu peke yangu. Nyinyi muko na za kwenu."

Tulitazamana mimi na mwenzangu. Kisha yeye akamwambia mama achague nambari ya siri, na mama akatugeuzia mgongo, akaibonyeza mwenyewe, polepole, akinong'ona.

Sasa mama anaona. Anajiogesha mwenyewe, nami nampasha maji tu. Ananiambia kama unga umenikaa shingoni, ananiambia nikikonda. Simu anaifungua kwa uso wake mara nyingi kwa siku. Jambo la kwanza alilofanya aliporudi Bwera ni kumtafuta mwanamke mmoja wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akinunua samaki wa chumvi kwake zamani wakati wote wawili wana nguvu. Sikuwahi kumsikia akimtaja kabla ya hapo. Alipata nambari yake kwa wachukuzi wa mizigo, na sasa wanapigiana kwa video, wanacheka, wanakumbushana watu waliokufa, wanaonyeshana hata mboga zilizomo chunguni.

Juzi nikiwa sokoni, simu yangu ndogo ililia. Alikuwa mwenzangu. Presha yake imeshuka, sauti yake ina nguvu kidogo.

"Mama anaongea na nani? Napiga tangu asubuhi, laini haipatikani."

"Na yule wa Kasindi."

"Tena?"

"Tena."

Niliusikia mto ukivuma nyuma yake. "Wanaongea nini siku nzima?"

"Sijui. Mimi niko Mpondwe."

"Basi nenda nyumbani ukasikilize kidogo, halafu uniambie."

Nilimwambia nina wateja, siwezi kuacha biashara kwa jambo la kipuuzi kama hilo. Nilipokata simu, nilifunika unga kwa gunia, nikamwomba jirani anitazamie meza, nikaita bodaboda.